Piko nyeusi iondoke mikononi mwa mabibi harusi wetu

Ukikaa saluni Mtwara mjini siku ya Ijumaa mchana, iwe Magomeni au Chikongola, utasikia kila mtu na mtindo wake anaotaka ufe. Huyu hataki kuziona kope za bandia. Yule amechoka na vijana wa suruali za mlegezo wanaopanda bodaboda nguo ya ndani ikiwa nje. Mwingine anasikitika kwamba wasichana wananyoa nyusi walizopewa na Mungu halafu wanachora nyingine kwa wanja, mpaka dada watatu wa nyumba moja wanatoka na uso mmoja. Wazee wa barazani nao wana orodha yao, ndefu kuliko hiyo.

Mimi na mengi ya hayo sina ugomvi. Wigi linavuliwa, kope zinabanduliwa, nyusi zinaota tena, na suruali ya mlegezo siku moja itafungwa mkanda. Mtindo unaoweza kuuvua usiku ukalala bila huo, hata ukiwa mbaya machoni mwangu, ni mali ya mwenye nao. Ninaoutaka uondoke ni ule unaobaki kwenye ngozi baada ya sherehe kwisha. Watu wengi hapo watafikiria mkorogo, na nitaugusa. Lakini unaonikosesha usingizi ni piko nyeusi, ile rangi ya kuchorea maua mikononi.

Wengi hudhani piko ni hina iliyowekwa weusi. Si kweli, na kosa hilo ndilo chanzo cha yote.

Hina ni majani. Bibi yangu Mikindani alikuwa na mhina nyuma ya nyumba, karibu na bafu, pale maji ya kuogea yalipokuwa yanamwagika. Harusi ikikaribia alichuma majani, akayaanika kwenye ungo kivulini, kamwe si juani, mpaka yakikamatwa yanakatika. Yakapigwa kwenye kinu, yakachekechwa kwa kitambaa, yakachanganywa na maji ya ndimu na chai ya rangi iliyokolea. Kisha yakaachwa yalale. Kesho yake jioni bibi harusi anakaa mkekani, miguu kainyoosha, na shangazi zake wanampaka viganja, nyayo na kucha. Analala hivyo hivyo kafungwa vitambaa, na usiku akitaka maji ananyweshwa. Asubuhi hina inakwanguliwa bila maji, ngozi inapakwa mafuta. Rangi siku ya kwanza ni ya chungwa, siku ya pili inageuka nyekundu iliyoiva, na wengine waliifukizia moshi wa karafuu ili izidi kukolea.

Sasa angalia mahali walipopaka: viganja, nyayo, kucha. Nilikuwa nikidhani ni mila tu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba wale bibi walijua kazi yao. Rangi ya hina hushikamana na ile protini ya ngozi ngumu, na ngozi ngumu iko kiganjani na kwenye unyayo, na hapo pia ndipo ngozi ya mtu mweusi ilipo nyepesi ya rangi, kwa hiyo wekundu unaonekana. Ukiipaka hina hiyo hiyo mgongoni mwa mkono wa binti wa Kimakonde au wa Kimwera, unaweza usione kitu. Hina haina weusi. Haijawahi kuwa nao.

Mtindo ulipohama kutoka kiganjani kwenda mgongoni mwa mkono, ukapanda kwenye kiwiko hadi begani, na simu ikaja kupiga picha za kila ua, wekundu wa hina haukutosha tena. Ikatakiwa rangi inayoonekana kwenye ngozi nyeusi, inayokauka upesi, ambayo bibi harusi anaweza kuipaka saa kumi akaenda kupiga picha saa kumi na mbili. Hapo ndipo ikaingia rangi ya nywele.

Maana piko tunayochorwa ni hiyo. Ni unga mweusi wa pakiti uliotengenezwa kwa ajili ya kuficha mvi, unaokorogwa na maji kwenye kizibo cha soda na kuchorwa kwa kijiti. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD, inayotumika kwenye rangi za nywele tangu karne ya 19. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na haziruhusu kupakwa kwenye ngozi kabisa. Kwenye kizibo cha soda hakuna anayepima asilimia. Mchoraji anaongeza unga mpaka aone umekolea. Halafu soma pakiti zenyewe: nyingi zimeandikwa jaribu kidogo kwenye ngozi saa 48 kabla ya kutumia, usipake kwenye nyusi wala kope. Sisi tunaichora mkono mzima, na siku hizi hata hizo nyusi watu wanazipaka.

Mtoto wa dada yangu aliolewa Novemba, fedha za korosho zilipokuwa zimeshalipwa na kila mtaa una turubai la shughuli. Alichorwa Alhamisi. Maua yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Yalianzia kwenye kucha yakapanda hadi kiwiko, nyekundu katikati, nyeusi pembeni, na mchoraji alikuwa na mkono mwepesi kama wa fundi cherehani. Ijumaa usiku nikamsikia anajikuna. Nikamwambia ni jasho na wasiwasi, alale. Jumamosi alfajiri akaniamsha.

"Mama mdogo, shikamoo. Hebu nishike hapa."

Nilimshika. Maua yalikuwa yameinuka. Ungeweza kuyasoma kwa kidole gizani kama maandishi ya vipofu: kila jani, kila kikonyo kimevimba na kinachemka, na katikati ya mistari ngozi iko salama kama vile hakuna kilichotokea. Wakati wa ndoa malengelenge madogo yalikuwa yamejipanga kufuata mchoro wenyewe. Pete haikupita kwenye kidole. Ilifungwa kwenye kona ya kanga ya mama yake, na picha zote za siku ile bibi harusi ameficha mikono chini ya mtandio.

Daktari aliyemwona Jumatatu hakushangaa hata kidogo. Alimuuliza kama alishawahi kuchorwa piko. Mara nyingi, akajibu, kila Idd tangu akiwa na miaka sita au saba, na hakuwahi kuona tatizo. Ndivyo PPD inavyofanya kazi, akatueleza. Mara za kwanza mwili unaweza kunyamaza, lakini unaandika. Unamtambua mgeni, unamkataa, na akija tena siku nyingine unamshambulia pale pale alipokaa. Ukishafika hapo, hali hiyo haiishi. Binti huyu hatakiwi kupaka rangi ya nywele maisha yake yote, maana safari ijayo inaweza kuwa kichwa na uso mzima kuvimba. Akaambiwa pia amtaarifu daktari yeyote kabla ya kupakwa aina fulani za ganzi, kwa sababu zinafanana na PPD kiasi kwamba mwili unaweza kuzichanganya.

Vidonda vilipona baada ya wiki kadhaa. Ua halikuondoka. Liko pale pale, jani kwa jani, ila sasa ni jeupe.

Mtoto yeyote aliyekulia mikoa hii angepaswa kuelewa haya mapema, kwa sababu tuna mwalimu wetu. Nani hakucheza na ganda bichi la korosho? Tulikuwa tunaandika majina yetu mikononi kwa mafuta ya lile ganda, tukishindana nani atavumilia. Yalichoma, ngozi ikababuka, ikaacha alama nyeusi, na mama akikuona unachapwa. Wanawake wanaobangua korosho kwa mikono wanajua hivyo hivyo. Hawashiki ganda mpaka wapake majivu au mafuta mikononi. Hakuna mama wa Mtwara angekubali fundi amchore binti yake maua kwa mafuta ya ganda la korosho siku mbili kabla ya ndoa. Lakini unga wa pakiti, kwa kuwa umekuja na picha ya mwanamke mwenye nywele nzuri, tunaukaribisha mkekani.

Nilisema nitagusa mkorogo. Ule nao unaua ngozi, tena taratibu: zebaki inayoumiza figo, haidrokwinoni inayofifisha rangi ya ngozi, na krimu kali za hospitali zinazopakwa kama losheni mpaka ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, mashavu yanatoka madoa meusi ya kibuluu na vifundo vya vidole vinabaki vyeusi. Na jua letu hili la kusini halina huruma kwa ngozi iliyovuliwa kinga yake. Lakini mkorogo una jina baya tayari. Viambato hivyo ni marufuku kwenye vipodozi nchini, maduka yanakaguliwa, redio zinasema, na anayejichubua anajua anachofanya hata akikataa kukiri. Piko haina hata hilo. Pakiti yake iko dukani kihalali, kwa ajili ya nywele. Hakuna mkaguzi atakayeikamata. Inaharibika inapofika mikononi mwetu, na inaitwa kwa jina la heshima, hina, jina la bibi zetu, la harusi, la Idd. Ndiyo maana naiogopa zaidi.

Kuna wanaonijibu kwamba urembo wa huku haukuwahi kuwa mwepesi. Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa chale usoni na kifuani, wakatobolewa mdomo wa juu wakavaa ndonya. Ni kweli, na vinyago vya zamani bado vinatuonyesha hivyo. Nimewahi kumshika bibi mmoja wa Newala shavu, kwa idhini yake, nikazifuata zile chale kwa kidole. Alizipenda. Lakini yeye alijua anachanjwa. Aliona wembe, alijua nani anaushika, alijua kovu linakuja na ndilo alilolitaka. Mtoto wa dada yangu alitaka maua ya wiki mbili. Hakuna aliyemwambia kuna kovu humo ndani.

Na tusimtupie mchoraji mzigo wote. Baada ya yale nilimfuata, si kwa shari. Nilimkuta kwake anamchora mteja mwingine, nikaiona mikono yake mwenyewe. Ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia zilikuwa nyeusi hazitakati, zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kidole gumba amekifunga plasta. Aliniambia zinamuwasha usiku, anapaka mafuta ya nazi. Hakuwahi kuhusisha na piko. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema wateja hawataki kusubiri hina, na akisema hana piko wanavuka barabara kwenda kwa mwenzake. Ana watoto wawili shule.

Kwa hiyo maneno yangu nayaelekeza kwetu sisi tunaolipa. Tulipe saa za hina. Mchoraji anayekaa na bibi harusi jioni nzima anastahili zaidi ya yule anayemaliza kwa nusu saa. Turudishe maua kiganjani, mahali yanapoiva, na tumwambie mpiga picha apige kiganja. Ukiambiwa hii ni hina na unaiona nyeusi tii, inakauka upesi na kuoshwa ndani ya saa moja, jua si hina, ondoa mkono wako. Na usikubali kusikia "hina nyeusi" ya asili, maana mhina wa aina hiyo haupo.

Na watoto, jamani. Hapa naomba kwa moyo wote. Idd ikikaribia, utaona mabinti wa miaka minne, mitano, wamepanga foleni kwenye baraza, mikono mbele, wanachorwa piko kwa shilingi mia tano. Wanafurahi, na mama zao wanafurahi. Pakiti nyingi za rangi ya nywele zinazouzwa Ulaya zinaandikwa zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 16, na hiyo ni kwa nywele. Mtoto anayechorwa leo bila kuwashwa anaweza kuvimba siku ya ndoa yake. Mkitaka wawe na rangi ya sikukuu, wapakeni hina ya majani kwenye kucha na viganja, walale nayo usiku wa kuamkia Idd kama sisi tulivyolala.

Mdogo wake yule binti anaolewa mwaka huu, korosho zikishauzwa. Wiki iliyopita alinijia na simu, picha zimejaa maua meusi hadi mabegani. Dada yake alikuwa jikoni anakuna nazi, mikono iko wazi. Mdogo mtu alimtazama, akaizima simu, akaniuliza mhina siku hizi unapatikana wapi.

Ule wa Mikindani bado upo, umeota mrefu kupita paa la bafu. Tulikwenda Jumapili tukachuma kikapu kizima cha kujaribia, tuone unavyoiva kwenye mkono wake. Majani yako kwenye ungo uani, kivulini, na leo asubuhi yalikuwa yameanza kukatika.