Sekunde Mbili za Polisi, Miaka Tisa ya Mahakama

Aprili 2016, kando ya barabara kuu huko Houston, Texas, nchini Marekani, askari Roberto Felix alisimamisha gari la kukodi lililokuwa likidaiwa tozo za barabara. Dereva, Ashtian Barnes, kijana mweusi wa miaka 24, hakuwa na leseni mkononi. Walijibizana kidogo, kisha gari likaanza kuondoka. Felix akarukia kizingiti cha mlango na kupiga risasi mbili ndani. Tangu akanyage kizingiti hadi risasi ya kwanza zilipita kama sekunde mbili. Barnes akafa palepale.

Familia ilipofungua kesi, mahakama za chini zilizitazama sekunde hizo tu. Ndani yake, askari ananing'inia kwenye gari linalokwenda, hivyo uhai wake umo hatarini. Nani alimtuma arukie? Hilo halikuhesabiwa.

Utetezi huu una mizizi. Mwaka 1984, huko Charlotte, North Carolina, Dethorne Graham, mtu mweusi mwenye kisukari, aliingia dukani kutafuta maji ya machungwa, akaona foleni ndefu, akatoka haraka. Polisi wakamshuku, na kabla mambo hayajaeleweka alikuwa amevunjika mguu. Kesi yake ndiyo iliyozaa, mwaka 1989, kipimo kinachotumika mpaka leo: nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo pale, si kwa hekima ya baadaye. Kesi iliposikilizwa upya, Graham mwenyewe akashindwa.

Kipimo hicho si cha kubezwa. Anayetazama video mara ishirini akiwa kitini huona mambo ambayo askari hakupata nafasi ya kuyaona. Mei 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Barnes, Jaji Brett Kavanaugh na wenzake watatu walikumbusha kwamba dereva akikimbia, kumwacha, kumfukuza au kupiga tairi risasi, kila njia ina hatari yake.

Lakini hata hao waliungana na Jaji Elena Kagan, majaji wote tisa kwa sauti moja: mahakama haiwezi kuikata hadithi sekunde ya mwisho na kuutupa mwanzo wake. Naona wako sahihi, tena wamechelewa. Busara ya askari huanza pale anapochagua kurukia gari kwa sababu ya tozo.

Wengi hupima uwajibikaji wa polisi kwa kesi ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi huko Minneapolis mwaka 2020, na hapo wanajidanganya. Askari Derek Chauvin alimkandamiza Floyd kwa zaidi ya dakika tisa mbele ya kamera. Utetezi wa kwamba askari aliamua kwa kufumba na kufumbua haukuwa na pa kusimama, akahukumiwa miaka 22 na nusu. Tena fidia ya dola milioni 27 ililipwa na jiji la Minneapolis, yaani walipa kodi, wakiwemo majirani weusi wa marehemu.

Kesi nyingi zinafanana na ya Barnes, na ushindi wake ni nusu. Mahakama ilikataa kuamua kama askari aliyejitia mwenyewe hatarini anapoteza utetezi wake, ikairudisha kesi chini. Na huko bado ipo kinga inayomwokoa askari asilipe fidia kama hakuna hukumu ya awali iliyokwisha kuweka wazi kwamba alichofanya ni kosa.