Kabla ya kupiga setenforce 0, soma logi

Kila nikiitwa kuangalia seva ya mtu, amri yangu ya kwanza ni `getenforce`, inayoonyesha hali ya SELinux, mfumo wa ulinzi ulio ndani ya Linux. Mara nyingi mno jibu huwa Permissive (inaandika makatazo kwenye logi bila kuzuia) au Disabled (imezimwa), badala ya Enforcing (inazuia). Nikiuliza sababu, naambiwa, "Ilikuwa inasumbua." Jibu hilo linaniuma, kwa sababu nami nililitoa kwa miaka mingi.

Ruhusa za kawaida za Linux humwachia mwenye faili aamue, na root hazuiliki popote. SELinux huongeza uamuzi wa pili. Kila mchakato na kila faili hubeba lebo, na kisichoruhusiwa na sera hukataliwa na kerneli, hata anayeomba akiwa root. Ndiyo maana `chmod 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote za faili, haifui dafu hapa. Ndiyo maana pia mdukuzi akiiteka Nginx, programu ya seva ya wavuti, anajikuta amefungiwa ndani ya `httpd_t`, eneo la seva za wavuti, na `/etc/shadow`, faili la nywila, hawezi kuisoma. Simu za Android zinaendeshwa hivi kikamilifu tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba SELinux inamsumbua kwenye simu.

Kilichonibadilisha ni usiku mmoja wa kuhamisha data ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenda diski mpya. Diski ilikuwa imejaa, tukafunga nyingine kwenye `/pgdata`, tukanakili kila kitu kwa `rsync -a`, tukawasha huduma. Ikagoma. Mmiliki wa faili alikuwa sahihi, ruhusa zilikuwa sahihi. Mwenzangu akapiga `setenforce 0`, amri inayoilegeza SELinux iwe Permissive, huduma ikawaka, watu wakaanza kufunga kompyuta zao waende kulala.

Niliwaomba nusu saa. Nikapiga `ausearch -m AVC -ts recent`, inayotafuta makatazo ya karibuni ya SELinux kwenye logi, na jibu lilikuwa wazi: `postgresql_t` imezuiwa kugusa kitu chenye lebo ya `unlabeled_t`. Diski mpya haikuwa na lebo, na `rsync -a` haibebi lebo usipoongeza `-X`. Sera haikuwa na kosa lolote. Sisi ndio hatukuieleza kwamba hifadhidata imehama nyumba.

Hapo ndipo wengi hukimbilia `audit2allow`, chombo kinachotunga kanuni za ruhusa kutokana na makatazo ya logi, nami naiogopa kuliko hata kuzima. Anayezima SELinux anajua amezima. Anayemeza kila inachopendekeza `audit2allow` anabaki na Enforcing kwenye skrini na tundu kwenye ukuta. Usiku ule ingetutungia kanuni ya kuiruhusu PostgreSQL kusoma na kuandika kila kitu kisicho na lebo, popote kilipo kwenye mashine. Chombo hicho hugeuza katazo kuwa ruhusa. Hakijui kama katazo lilikuwa la haki. Kulihukumu katazo ni kazi ya binadamu aliyesoma mstari mzima: nani ameomba, ameomba nini, kwenye kitu cha lebo gani.

Dawa yetu ilikuwa mistari miwili, wa kwanza kuieleza sera lebo ya `/pgdata`, wa pili kuipachika lebo hiyo kwenye faili:

`semanage fcontext -a -t postgresql_db_t "/pgdata(/.*)?"`
`restorecon -Rv /pgdata`

Ukikutana na huduma ngumu zaidi, hasa programu mliyoiandika wenyewe, usiilegeze seva nzima. Legeza eneo moja tu: `semanage permissive -a`, kisha jina la eneo la huduma hiyo. Makatazo yote yatajiandika kwenye logi bila kuizuia, badala ya kukutokea moja moja kila unapoiwasha upya. Iache ifanye kazi zake zote, pamoja na chelezo ya usiku na mzunguko wa logi, kwa sababu hizo ndizo husahaulika na kukuamsha wiki inayofuata. Ukishapanga lebo, bandari na swichi za `setsebool` (za kuwasha au kuzima sehemu za sera), irudishe kwa `-d`. Kanuni mpya iandike mwisho kabisa, pale ambapo lebo, bandari na swichi zimeshindwa.

Wenye Ubuntu wana AppArmor, mfumo kama huu lakini unaotazama njia ya faili badala ya lebo, lakini mtego ni uleule: ukihamisha saraka ya data bila kugusa wasifu wa huduma (faili la kanuni zake), itagoma. Huko anza na `aa-complain`, inayoandika makatazo bila kuzuia.

Ile seva tuliiacha saa nane usiku. PostgreSQL ilikuwa inapokea maombi, na `getenforce` ikajibu Enforcing.