Mstari wa manjano na rangi za nganya

Kila serikali ya Kenya inapotaka kuonekana imezidhibiti barabara, mstari wa manjano hurudi kwenye matatu, magari yetu ya abiria, na michoro yake hufutwa. Ulikuja na Notisi ya Kisheria namba 161 ya 2003, ile tunayoiita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliyoanza kutekelezwa Februari 2004 pamoja na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na sare za makondakta. Novemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i aliufufua kwa msako uliowaacha wakazi wengi wa Nairobi wakienda kazini kwa miguu. Kati ya misako hiyo miwili, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameagiza vijana wanaochora matatu waachwe wafanye kazi yao. Basi mchoraji wa matatu hana sheria ya kumlinda. Ana kauli ya mkubwa aliyepo, hadi aje mwingine.

Wanaoutetea mstari hawasemi ovyo. Gari la abiria, wanasema, litambulike kwa mbali na njia yake ijulikane. Dar es Salaam daladala hupakwa mistari ya rangi kulingana na njia, na hata asiyesoma kibao akazoea kujua gari la kwao. Ni utaratibu mzuri, na jiji lenye njia nyingi kama Nairobi lingefaidika nao.

Lakini hoja ya utambuzi ikifuatiliwa hadi mwisho, inaiunga mkono nganya, yaani matatu iliyochorwa na kupambwa. Mtu akigongwa usiku na matatu nyeupe yenye mstari wa manjano, shahidi ataiambia polisi nini? Zipo maelfu. Akigongwa na nganya ya Umoja, Rongai au Buruburu, watoto wa mtaa watakutajia jina la gari, sacco yake (chama cha wenye matatu), aliyelichora na linakolala. Hakuna gari lisiloweza kujificha jijini kama lile lililochorwa uso wa mwanasoka ubavu mzima.

Hoja kubwa zaidi ni ya usalama, na hapo ndipo ninapoona wachoraji wanaonewa. Watu zaidi ya 4,000 hufa kwa ajali za barabarani Kenya kila mwaka. Takwimu hiyo husomwa kila msako unapotangazwa, kisha kamera zinageukia magari yenye rangi. Ila tuitazame vizuri. Kundi kubwa zaidi la wanaokufa ni watembea kwa miguu, zaidi ya thuluthi moja. Hao wanauawa wakivuka barabara pana kama ya Thika na Outer Ring, mahali ambapo daraja la kuvukia liko mbali au lilichelewa kujengwa. Wanauawa na malori, na magari ya kibinafsi, na bodaboda, na matatu zenye mstari na zisizo nao. Vifo vilipopungua baada ya 2004, mikanda na vidhibiti mwendo ndivyo vilivyokuwa na uwezo wa kuokoa mtu. Mstari ulisifiwa kwa kuwa ndio ulioonekana. Na vifo vilipopanda tena, mstari ulikuwa bado upo kwenye magari mengi. Mimi sijaona mtu akieleza jinsi rangi ya ubavuni inavyofupisha au kurefusha breki.

Kinachopotea rangi ikifutwa ni kikubwa. Sanamu ambazo serikali imetujengea, ya Dedan Kimathi mwaka 2007 na ya Tom Mboya mwaka 2011, ziko katikati ya jiji, na nashukuru zipo. Mkazi wa Kayole au Dandora huziona akishuka mjini. Sanaa inayomfuata hadi stejini kwake, ikamchukua asubuhi na kumrudisha jioni, ni ya matatu. Imelisha wachoraji, mafundi wa bodi wa Industrial Area, wa chuma, wa viti, wa taa na wa spika. Wengi wao hawakukanyaga chuo cha sanaa. Walianza kwa kuosha brashi za mwenzao. Ni shule ambayo serikali haikuigharimia hata shilingi, na 2004 ilikaribia kuifunga kwa notisi moja.

Yupo atakayeuliza kama hiyo ni sanaa ya umma, maana gari ni mali ya mtu na mchoro ni chambo cha abiria. Ni kweli. Lakini umma huo huo unahukumu kila siku: gari lililochorwa vibaya huachwa stejini huku la nyuma yake likijaa. Sanamu zetu hazijawahi kupitia mtihani huo.

Yapo mambo ambayo sitayatetea. Kioo cha nyuma kilichochorwa kote, hata dereva haoni kinachomfuata, ni hatari. Taa zinazowaka machoni mwa dereva anayekuja ni hatari. Muziki unaomzuia mama kusikia kondakta akitaja kituo chake ni kero, na picha za kudhalilisha wanawake hazina nafasi kwenye gari analopanda mtoto wa shule. Haya yote hupimika. Kituo cha ukaguzi cha Likoni Road kinaweza kukataa kioo na taa bila kugusa ubavu wa gari, na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ikaandika wazi kipi kinaruhusiwa, mchoraji akajua kabla hajafungua kopo la rangi.

Linalobaki ni gumu zaidi: wasichana wa shule wanaovutwa na nganya na kutumiwa vibaya na watu wazima ndani yake. Wazazi wana haki ya kuichukia rangi hiyo. Hata hivyo mhalifu ni mtu mwenye jina, kwenye gari ambalo mtaa wote unalijua, na anaweza kukamatwa na kushtakiwa leo, gari likiwa na mstari au bila mstari.