Wamebaki 11

Yaani hata uso sijanawa. Nimefungua laptopu, nimeingia kwenye dashibodi ya Google Play, duka la apu za Android, nimekuta wajaribu 11. Jana nimelala ilikuwa 12. Mtu kajitoa usiku usiku bila kuaga, na siku zilikuwa zinakaribia kutimia, nilishaanza hadi kuandika yale maneno ya kuitangaza.

Wenzangu madevelopa wenye akaunti binafsi mmeshaelewa, naona mnatikisa vichwa. Wengine shukuruni Mungu, ila kwa kifupi ni hivi: ukifungua akaunti ya mtu mmoja siku hizi, apu yako haiingii sokoni mpaka watu 12 wakubali kuijaribu siku 14 mfululizo. Mfululizo. Mwanzoni walikuwa wanataka 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha, wakaona wametufanyia hisani. Kampuni haziguswi na hilo, wao wanapita tu. Sasa we ambaye huna kampuni, huna ofisi, huna hata kiti kinachozunguka, ndo wa kwenda kutafuta kikosi.

Hebu kaa chini uhesabu watu 12 kwenye maisha yako wenye simu ya Android wanaoweza kukufanyia kitu wiki mbili bila malipo na bila kuuliza mara tatu kwamba kinahusu nini. Ukifika wa tano utaanza kuandika majina ya watu mliogombana. Mi nimemwandikia mtu ambaye mara ya mwisho kuongea naye alinirudishia chaja yangu kwa kuirusha. Kakubali, sijui kwa nini, sijauliza.

Shemeji kaifungua mara moja akasema ile bluu inamuumiza kichwa. Jamaa niliyesoma naye nimembembeleza hadi nikaanza kumsifia mambo ambayo hana, akakubali kwa moyo wote, kumbe ana iPhone. Developa mwenzangu kakubali kwa sharti kwamba na mimi nijaribu ya kwake, ya kalenda, na huyo tutarudi kwake maana nina neno naye.

Sasa mjomba.

Kwanza niseme apu yenyewe ni nini. Ni daftari la madeni. Unaandika nani anakudai, nani unamdai, na kama yule mdaiwa naye yumo kwenye apu basi anapata notifikesheni ya kumkumbusha. Kitu cha heshima kabisa, hakina matangazo, hakina wizi wa data. Na mdaiwa hana kitufe cha kuzima. Kitufe kilikuwepo, nikakitoa makusudi, nikasema mdaiwa atafute hela asitafute kitufe. Siku ile nilijiona mtu mwenye msimamo.

Nikampigia mjomba. Shikamoo mjomba. Marahaba mpwa, umepata kazi? Nina kazi mjomba, natengeneza programu. Akasema hiyo najua, nauliza kazi.

Nikameza mate nikamweleza. Kumbe mjomba kuna mahali alishasikia habari za yule kijana wa Vietnam aliyetengeneza gemu la simu. Akaniambia yule wa kale kandege alikuwa anaingiza dola 50,000 kwa siku kwenye matangazo, kandege tu kanapita kwenye mabomba. "Wewe ya kwako inaruka?" Hairuki mjomba, inaandika madeni. Kimya. Kile kimya cha mtu mzima anayekuhurumia.

Nikajaribu kumweleza kwamba huyo Dong Nguyen mwenyewe Flappy Bird aliitoa sokoni kwa mkono wake, Februari 2014, ikiwa ndo iko juu kuliko zote, kwa sababu umaarufu ulimnyima usingizi na amani. Mjomba akacheka akasema mtu hawezi kufanya hivyo, hizo ni habari mnazopeana nyie msiopata. Basi.

Haya, kazi ikaanza. Mjomba naomba imeili yako. Akasema nitakutumia. Nasubiri. Nasubiri. Napiga tena, anasema nimekwama, ili nikutumie inabidi nijue ya kwako, na ya kwangu naipata wapi? Nikamwambia iko ndani ya simu mjomba, iangalie. Akasoma herufi moja moja, alipofika kwenye ile alama akasema "halafu hapa kuna a imezungushiwa duara, hiyo niisome au niipite?"

Paswedi hana, aliwekewa na fundi aliyemtengenezea simu, na fundi kahama. Tukairudisha kwa ile namba inayotumwa kwenye meseji, namba ikaja, akaisoma, akaisoma vizuri kabisa, ila ilikuwa namba ya jana ya kitu kingine.

Linki nikamtumia. Akasema inaniambia niwe mjaribu, sasa mimi namjaribu nani? Unaijaribu apu mjomba. Hapa nikibonyeza hawanikati hela? Hawakukati. Una uhakika? Nina uhakika mjomba, mi ndo nimeitengeneza. Akasema ndo maana nauliza.

Akabonyeza. Simu imejaa.

Imejaa nini? Imejaa maua. Yale maua ya kutakiana asubuhi njema yanayotumwa kwenye magrupu, ya miaka yote, mengine yana njiwa, mengine yana mwanga unatokea nyuma ya wingu. Nikamwambia mjomba tufute hata machache. Akasema "hizi nimetumiwa na watu, mwingine ameshatangulia mbele za haki, wewe unataka nimfute?" Hapo ungesemaje wewe? Nikakaa nikasikiliza historia ya kila ua. Tukafuta video moja ya mbuzi aliyepanda juu ya gari, tena kwa masharti kwamba ninayo nakala.

Ikaingia. Nikashusha pumzi, nikajua yaliyobaki ni yeye kuisahau kama watu wengine wanavyosahau apu, ilimradi jina lake limo kwenye hesabu.

Mjomba hakuisahau. Kesho yake nimepata notifikesheni usiku wa manane, simu inatetemeka juu ya meza hadi inatembea: UNADAIWA. Naangalia jina la mdai, ni mjomba. Ni ile hela aliyonikopesha wakati nanunua hii laptopu, mi nilishaiweka kwenye fungu la misaada.

Asubuhi nikampigia kwa adabu zote. Mjomba, kwenye majaribio huwa tunaandika majina ya mfano tu. Akasema mimi nimeandika deni la kweli, si umesema niijaribu? Sawa mjomba, lakini mbona usiku wa manane? Akakataa, akasema nimeiweka asubuhi, saa 12 asubuhi, nimeandika 12 nimechagua AM, AM si ndo asubuhi? Na hapo jamani nisimlaumu mzee wa watu. Simu yake iko kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, inamwambia "mipangilio", inamwambia "futa", ikifika kwenye saa inageuka mgeni, 12 AM yake ni usiku wa manane. Nimekaa siku nzima nahangaika na hiyo saa, ukitoa sita huku, kule nako kunaharibika, mwisho nikaacha.

Kwa hiyo kila usiku wa manane nadaiwa. Utaniambia si ungezima kwenye mipangilio ya simu. Nazimaje wakati mi ndo natakiwa nihakikishe zinafika? Utaniambia ingia kwenye databesi ufute huo mstari wake. Mjomba anakagua. Kila akiamka anapiga: "Ile kitu imefika?" Imefika mjomba. "Vizuri. Programu yako inafanya kazi."

Na mapendekezo juu. Weka riba. Weka sehemu ya kuona kama mdaiwa amesoma akanyamaza. Weka kitufe cha "sikudai, nakukumbusha tu." Weka picha ya mdaiwa, mtu akijiona uso wake anaona aibu. Wale wengine wote hakuna aliyeniandikia hata neno, mjomba peke yake ananifanyia kazi ya idara nzima, na yote yananirudia mimi mwenyewe.

Nikashindwa. Juzi nimekopa kwa yule mwenzangu wa kalenda, nimemlipa mjomba, nikalala usingizi wa mtoto. Na mwenzangu naye, sijui nilitegemea nini, deni lake kaliandika kwenye apu kabla hela haijanifikia.

Sasa leo 11. Napiga. Mjomba, umejitoa? Akasema ndiyo mpwa, kazi imeisha, nimelipwa. Apu nzuri sana hiyo, mimi nimedai watu kwa mdomo miaka na miaka sijawahi kulipwa haraka hivi. Nimeifuta nimerudisha nafasi ya picha, na ile linki nimebonyeza pale pa kutoka, nimefuata maelezo yako yote. Ubarikiwe. Ila fikiria na ya kuruka.

Kajitoa kwa sababu apu imefanya kazi! Nimwandikie nani malalamiko? Ingekuwa mbovu mtu angekuwa bado yumo, ananidai, tunasonga mbele. Sasa natakiwa nitafute mtu mwingine, naye aanze siku zake 14 kutoka mwanzo, na huyo mwingine ni nani? Nimeshawamaliza! Hawa 11 wenyewe sa hivi naogopa hata kuwasalimia, mtu akiniandikia "mambo" moyo unaruka najua anataka kutoka. Mi niliacha kazi ya mshahara nikasema sitaki bosi wa kuniangalia naingia saa ngapi natoka saa ngapi. Leo nina mabosi 11 na nawatafuta wa kuongeza. Natamani yule wa zamani, angalau alikuwa mmoja na Jumapili alikuwa anapumzika.

Na si mimi tu, hii kazi yote imejengwa hivyo hivyo, mtu mmoja akijitoa paa linashuka. Machi 2016 kuna jamaa aligombana na watu wa npm, ghala la mtandaoni la vipande vya programu, akaondoa vijikodi vyake vyote, kimoja kilikuwa cha mistari 11, narudia, 11, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maneno ili yalingane urefu. Miradi maelfu dunia nzima ikagoma kujengeka, hadi ya makampuni yenye mainjinia wa kumwaga, na wale npm ikabidi wakirudishe wenyewe kwa nguvu. Mistari 11 ikiondoka dunia inasimama. Nikiondoka mi na apu yangu atakayejua ni mwenzangu wa kalenda, tena kwa sababu namdai, samahani, ananidai.

Kuna mtu kaniambia fungua akaunti ya kampuni ukwepe hayo yote. Sawa. Kampuni isajiliwe, halafu upate ile namba ya D-U-N-S ya kuitambulisha kampuni, halafu jina la kwenye hati lifanane na jina la kwenye namba herufi kwa herufi. Mi jina langu tu kwenye vyeti viwili halifanani.

Na ukishapita unakatwa. App Store, duka la Apple, ilipofunguliwa Julai 2008 ilikuwa na apu 500, mia tano tu, ungeweka hata tochi watu wanapiga foleni, makato asilimia 30. Kuanzia 2021 wametuwekea ya wadogo, asilimia 15 kama mapato hayafiki dola milioni moja kwa mwaka. Nimeangalia mapato yangu nimejiridhisha kwamba nafuzu. Nafuzu vizuri sana, hapo sina mpinzani.

Vibarua vya pembeni ndo kabisa. Mteja wa siku hizi hakuulizi tena utamaliza lini, anakuuliza "kwani si akili mnemba inaandika yenyewe?" Inaandika, ndiyo. Inaandika kwa kujiamini kuliko mjomba. Anayekaa kutafuta kwa nini malipo yanaingia mara mbili ni mimi, na huo muda hauko kwenye ankara kwa sababu "si imeandika yenyewe."

Na usidhani ukishaiweka sokoni umepumzika, ile apu isipoguswa wanakuandikia kwamba hailengi toleo jipya la Android, kila mwaka ikifika mwisho wa Agosti, kitu hakijaharibika, hakuna aliyelalamika, ila uiguse. Unagusa mstari mmoja, maktaba saba, yaani vipande vya programu ambavyo apu inavitegemea, zinataka apdeti, unaziapdeti, skrini inakuwa nyeupe.

Haya, mwenzangu wa kalenda. Nilisema nina neno naye. Makubaliano ni makubaliano, kwa hiyo na mi naijaribu ya kwake, naifungua kila siku nabonyeza bonyeza ili ionekane niko hai. Sasa nimegundua inakubali tarehe 29 Februari 2027. Mwaka 2027 Februari ina siku 28. Imeipokea bila wasiwasi wowote, ikaniuliza nataka nikumbushwe saa ngapi. Nikamwandikia kiungwana, na picha ya skrini, hatua kwa hatua jinsi ya kuirudia, kama developa mwenye malezi. Kanijibu kwamba hiyo si bagi, yaani kosa la programu, ya kumkosesha mtu usingizi, nani mwenye akili atapanga kitu siku ambayo haipo?

Nimepanga mimi. Nimeandika hapo siku ya kumlipa.