Mwenye ardhi wa Minnesota hakuwa na ugomvi na tai

Kesi ya tai wa Marekani watu wanaisimulia kwa mkato sana, eti kuna mtu alitaka kukata miti ya tai akakimbilia mahakamani. Haikuwa hivyo jamani. Jamaa ana ardhi yake kando ya ziwa huko Minnesota, akataka kuigawa viwanja, akaambiwa juu ya mti wako kuna kiota cha tai mwenye kichwa cheupe (yule anayefanana na furukombe wetu), usijenge ndani ya futi 330.

Ukisikia futi 330 unaona kitu kidogo, mita 100 tu, uwanja wa mpira. Lakini hilo ni duara, mita 100 kila upande wa mti, na ukipiga hesabu inatoka karibu ekari 8. Na mwongozo wa serikali wa 2007 unasema kama ujenzi wako unaonekana kutoka kiotani basi kaa futi 660, na hapo umbali umezidi mara mbili ila eneo limezidi mara nne, zaidi ya ekari 31. Mwenye ranchi kubwa hiyo kwake ni kona tu, mwenye kipande kando ya ziwa ndo kila kitu alichonacho.

Halafu 1999 serikali yenyewe ilishapendekeza tai atolewe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, maana ameongezeka, ikanyamaza miaka. Jamaa alifungua kesi 2005 kudai uamuzi tu, mahakama ikampa haki 2006, na 2007 tai akatolewa. Ila alichopata ni kidogo, kwa sababu sheria ya tai ya 1940 ilibaki palepale na inakataza "kumsumbua" tai, neno ambalo kwa miaka 67 lilikaa bila ufafanuzi wa kueleweka huku nyuma yake kuna jela. 2007 ndo ikaelezwa kwamba ndege kushtuka tu haitoshi, lazima usumbufu wako uwe umesababisha, au uelekee kusababisha, aumie, makinda yapungue au akihame kiota.

Wanaomtetea tai nao wana hoja, siwezi kuipuuza. Mwaka 1963 zilibaki jozi 417 tu zenye viota katika majimbo 48 ya Marekani (ukiacha Alaska na Hawaii), na leo makadirio ni zaidi ya jozi 71,000. Kilichowamaliza zaidi ni dawa ya kuulia wadudu ya DDT, iliyopigwa marufuku 1972, lakini kiota nacho kinahitaji utulivu, mayai yanaatamiwa kama siku 35 na kwa baridi ya kule mama akirushwa na kelele za mashine, yai linapoa haraka. Tena wanarudi kiota kilekile mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukikivuruga hasara haiishii msimu mmoja.

Mimi duara silipingi. Ninachopinga ni kwamba ndege ni wa taifa zima, yuko hadi kwenye nembo ya nchi, halafu gharama inamwangukia yule ambaye mti wake ulichaguliwa, na mti ulichaguliwa kwa sababu hakuukata! Vibali vya usumbufu usiokusudiwa vilianza 2009, na 2024 utaratibu ukarahisishwa zaidi, sawa, lakini sheria ya 1940 mpaka leo haina kifungu cha kumlipa fidia mwenye ardhi kwa zile ekari 8.