Kashika Mguu wa Meza, Kumbe Wangu

Naanza kwa kusema SIKULALA.

Najua mshkaji wangu wa Tanga, tunayekaa naye nyumba moja hapa New Jersey na ambaye hajawahi kushika spana maishani, ameshakitupa kile kipande cha video kwenye magrupu yote, kuanzia la mtaa hadi la kamati ya harusi ya binamu yangu. Chini yake kaandika: "Mbongo akutwa kalala chini ya ulingo wa mieleka Marekani." Shangazi kanipigia saa kumi alfajiri kuuliza kama nina pa kulala. Shangazi, shikamoo, ninapo. Nilikuwa kazini.

Haya, sikilizeni kisa chenyewe, halafu mcheke mkiwa mnajua mnachokicheka.

Mimi ni mfunga ulingo. Si wa ile mieleka mnayoiona kwenye televisheni. Ni ya kikundi kidogo, wanapigana kwenye kumbi za mitaani, watu mia tatu, jasho la mpiganaji linakurukia kwenye soda. Wikiendi hii kikundi kilikuwa kinatimiza miaka 10, wakaamua kupiga shoo siku tatu mfululizo, Ijumaa mpaka Jumapili. Hilo neno "mfululizo" ndilo lililoniponza.

Shoo ya siku moja, ulingo unaufunga mchana, wanauumiza jioni, unaufungua usiku. Ya siku tatu, ulingo unabaki umesimama, na ulingo uliosimama unalegea. Watu wa kilo mia wakiangushana usiku kucha, nati zinajifungua zenyewe kwa mtikisiko. Kamba zetu ni waya wa chuma uliovishwa mpira wa kumwagilia maua, juu yake tepu. Kila nguzo ina vikazio vitatu, vile vyuma vya kuvutia kamba, jumla 12, na kila mchana unapita na nondo ukizungusha kimoja kimoja. Unakwenda kwa msalaba: kona hii, kisha ile ya mkabala wake. Ukikaza upande mmoja ukamaliza ndipo uhamie mwingine, nguzo zitainama kama minazi ya Pangani. Na mtu akirukia kamba ya juu akaikuta imelegea, mguu unazama, anatua kwa uso, halafu akiamka anauliza leo nani kafunga.

Kamba nilizikaza vizuri siku zote tatu. Hilo naomba liandikwe. Kilichoniua ni sakafu.

Ulingo wetu ni futi 18 kwa futi 18. Juu ya mihimili ya chuma tunapanga mbao zile wanazoziita mbili kwa kumi na mbili. Sasa huku ukinunua ubao wa inchi 12 unapewa wa inchi 11 na robo, eti zilizobaki zimeliwa na randa. Futi 18 ni inchi 216. Mbao 19 zikilala ubavu kwa ubavu zinakula inchi 213 na robo tatu. Kinabaki nini? Mwanya wa inchi 2 na robo. Ukiuacha hivyo, mbao zinaanza kutembea, mwanya unapanuka, na siku moja kisigino cha mtu kinaingia humo na kifundo kinabaki huko. Kwa hiyo tunauziba kwa vipande sita vyembamba vya futi 3, vimepangwa foleni, na kila kimoja kinapigiliwa kishikizi kwa chini, kijiti tu cha kukifunga kwenye ubao wa jirani kisidondoke. Juu yake inakuja sponji ya inchi moja, kisha turubai, linavutwa na kufungwa kwa kamba chini ya fremu kama viatu vya bibi harusi. Ukishalifunga, hakuna jicho linaloona kilichopo chini. Mguu tu ndio unaojua.

Ijumaa nilipigilia vishikizi vitano. Misumari ikaisha. Mzee wetu wa kazi, ambaye amefunga ulingo kabla mimi sijaota ndevu, akauliza, "Hicho cha sita vipi?" Nikasema kitabanwa na wenzake.

Kilibanwa na wenzake Ijumaa. Jumamosi kikaanza kulalamika. Jumapili, pambano la mwisho kabla ya mapumziko, refa alikuja pembeni akanong'ona kwamba upande wa mbali panabonyea. Mzee akanigeukia. Hakusema kitu, alininyooshea nyundo tu.

Mapumziko yalikuwa dakika 15. Nikainua pazia la ulingo, nikatambaa na nyundo, tochi na misumari mdomoni. Chini kule unakaa umekunja shingo, hata futi tatu za kimo hazifiki ukishatoa mihimili. Na hupo peke yako. Kuna viti vya chuma, ngazi, pipa la taka, na meza mbili za pambano la mwisho ambazo nilizipanga mwenyewe kwa akili zangu timamu. Meza ya mieleka iwe ya mbao nyepesi ya kukunja. Ya plastiki haivunjiki, inadunda, na aliyeangushwa juu yake anapata maumivu bila kupigiwa makofi. Halafu unailaza miguu ikiangalia nje, upande wa pazia, ili mpiganaji akitia mkono bila kuangalia ashike mguu wa kwanza atakaoupapasa na kuvuta.

Rudieni sentensi hiyo. Mguu wa kwanza atakaoupapasa.

Kuna kitu kingine kule chini: maikrofoni. Imening'inizwa kwenye mhimili wa kati, kazi yake kunasa kile kishindo cha mtu akianguka, ndiyo maana mkitazama kwenye intaneti mnasikia PAA kama lori limemwaga kokoto. Nilijua ipo. Niliifunga mimi.

Kipande nilikiona kimelala sakafuni. Nakiokota tu, taa zikazima. Muziki ukaanza. Nikatazama saa: dakika ya kumi! Ratiba ilikuwa imechelewa, wakakata mapumziko bila kuniambia. Simu ikatetemeka, ujumbe wa mzee: "Usitoke. Kaa hapo hapo." Nitokeeje kweli, mbele ya mstari wa kwanza, pambano la mkanda, pambano kuu la siku tatu, na mimi natambaa kama mjusi kutoka uvunguni? (Wale vijana wa Mukono, Uganda, wanaopigana mieleka kwenye matope, nguzo zao mianzi, hawana shida hii. Chini ya matope hakuna pa kusahauliwa.)

Basi nikakaa. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na juu yangu bingwa na jitu la kinyago wameshaanza. Nipigilie vipi bila kelele? Nikapata wazo ambalo hadi sasa naliona zuri: nipigilie nao pamoja. Wao wakianguka PAA, mimi KO. PAA, KO. Hakuna anayesikia. Msumari wa kwanza ukaingia hivyo, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nasikiliza nyayo zao: zikikimbia mara mbili kisha zikanyamaza, ujue mmoja yuko hewani. Nilikuwa fundi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja, wadau.

Msumari wa nne, nyayo zikakimbia, zikanyamaza, nikainua nyundo. Kumbe bingwa alipoinuliwa juu kachomoka, katua kwa miguu yake polepole kama paka. PAA haikuja. Ukumbi umeshika pumzi, kimya, na katika kimya kile: KO. Juu ya kidole changu gumba.

"MAMA YANGU WEEE!"

Kwenye maikrofoni.

Mshkaji wa Tanga alikuwa sebuleni anatazama shoo, anasema watangazaji walinyamaza, halafu mmoja akauliza mwenzake kama kasikia. Hapo ndipo alipoanza kurekodi. Huyo ndiye rafiki.

Nikajivuta hadi penye sponji za akiba, kando ya meza, nikajilaza chali, kidole nimekibana kwapani. Miguu nikainyoosha upande wa pazia kwa sababu ndiko kulikokuwa na hewa. Nikafumba macho. Kufumba macho si kulala. Nilikuwa na siku tatu za kubeba nguzo, nilifumba dakika nne hivi, labda saba.

Juu yangu watu wakaanza kuimba, "Tunataka meza! Tunataka meza!" Mashabiki wa upande huu hawajambo kwa meza, tangu enzi za ECW, kile kikundi cha mieleka cha kule Philadelphia miaka ya 1990, mpiganaji wao Sabu akizipasua kama biskuti, wimbo ni huo huo. Jitu likashuka ulingoni. Hayo nimeyaona kwenye video. Mimi nilichojua ni mwanga: pazia limeinuka, mstari mweupe umenipiga machoni.

Twende polepole sasa.

Mkono unaingia. Mkubwa, umefungwa tepu nyeupe kwenye kifundo, unapapasa. Unagusa mguu wa meza. Nasema moyoni, ndiyo, huo huo, vuta. Unauacha. Unasogea kushoto, unagusa kiatu changu. Unakibonyeza. Kiatu changu cha kazi kina chuma mbele, kwa hiyo kilikuwa kigumu kama mguu wa meza, jitu la watu lisilaumiwe. Linashika. Linavuta.

Kiatu kikatoka.

Kwenye video utaliona jitu limesimama, kilo mia na kitu, kinyago chekundu, mkono mmoja juu kama mtu anayeonesha meza kwa umma, na mkononi mna kiatu cha mtu. Linakitazama. Linawatazama watu. Linakitazama tena. Wimbo umekatika. Halafu mtoto mmoja mstari wa kwanza, Mungu amlinde, akaanza: "Tunataka kiatu! Tunataka kiatu!" Mia tatu wakamfuata, na makofi matano ya kusindikiza.

Mimi kule ndani najikunja kama konokono, lakini sponji inateleza, na ule mguu ninaouvuta umevaa soksi, na hiyo soksi, wadau, ilikuwa na tundu. Kidole gumba kimechungulia nje chote. Nilijiambia Ijumaa, nani ataona soksi.

Mkono ukarudi. Safari hii haukupapasa. Ulishika kifundo na kuvuta mara moja, nikatoka mzima mzima, nimelala chali kwenye sakafu ya ukumbi, nyundo mkono wa kulia, gumba la mkono limevimba, gumba la mguu linasalimia watu, msumari mmoja umebaki mdomoni. Tukatazamana. Nimefanya kazi na yule kaka miaka miwili, tunakula naye pitsa baada ya kila shoo. Macho ndani ya kinyago yalikuwa yanauliza, wewe unafanya nini hapa? Yangu yakajibu, sina la kusema kaka.

Refa akainama, akajifanya ananipima. "Tema msumari," akasema. Nikatema. "Weka nyundo." Nikaweka. Kisha jitu likaninyanyua kwa shati, likasogeza mdomo sikioni, likasema, "Samahani sana."

Kwenye mieleka mambo mengi yana ufundi wake. Kuanguka kuna kidevu kubanwa kifuani na mikono kupigwa chini, teke lina pa kutua. Kofi la kifuani halina ufundi wowote. Ni kofi. Kiganja wazi, nguvu zote, penye nyama. Niliusikia mlio kabla ya maumivu, kisha maumivu yakaja na familia yake yote. Nimepiga picha asubuhi: vidole vitano, unaweza kuhesabu, cha pete kina hadi alama ya pingili.

Nikaenda chini bila kuombwa. Likanisukuma kwa mguu nikabingirika hadi uvunguni, pazia likashuka, watu wakasimama kunishangilia. Mwisho wa kazi yangu ya sanaa.

Yaliyobaki: bingwa kapigwa na kiatu, refa kahesabu mbili tu, na ushindi ni tatu. Meza wakaipata, ikavunjika vizuri. Mkanda haukuhama. Kishikizi cha sita hakikubanduka pamoja na yote hayo, maana msumari wa nne ulikuwa umeingia nusu na nusu inatosha. Mzee aliniangalia tulipokuwa tunafungua ulingo, turubai, sponji, mbao, kamba, mihimili, nguzo mwisho, akasema sentensi moja, "Kilibanwa na wenzake," akaendelea kubeba. Nguzo moja ni mzigo wa watu wawili, na mimi niliibeba na kiatu kimoja na soksi ile ile.

Maana jitu, baada ya kumpiga bingwa, lilikirusha kile kiatu kwa mashabiki, upande wa mlango wa choo. Cha kushoto, cheusi, chuma mbele, saizi 43, huku wanaiita 10. Aliyenacho au anayemjua aliyenacho, niandikie inboksi. Tiketi ya mwakani nitakupa.