Kutumia akili wakati moyo unauma si kukosa imani

Ukimwambia mtu kashikwa na jambo "hebu fikiri kwanza", hapa kwetu utajibiwa ama una moyo mgumu ama umekuja na mambo ya kizungu, sie yetu ni subira na dua basi. Subira na dua mie sizikatai, nani atazikataa, lakini naona hii habari ya kutumia akili kwenye mambo ya moyo inaonewa sana.

Hilo la uzungu tulimalize. Kweli mwanasaikolojia Albert Ellis alianza tiba yake ya kurekebisha fikra Marekani mwaka 1955, akisema kinachotuvuruga zaidi si tukio, ni yale tunayojiambia juu ya tukio. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 934, kashaandika zamani kwamba mtu akiwa mzima ajiwekee fikra njema kichwani kama anavyoweka dawa nyumbani, zimfae siku akishikwa na hasira au khofu.

Sasa chukua mama yuko Mkoani, Pemba, binti yake yuko Unguja, anapiga simu tangu magharibi haipokelewi. Kufika isha kashajiambia mengi, mtoto kapata ajali, mara hapana, kanidharau huyu tangu apate kazi, na hapo machozi. Simu siyo inayomliza, inayomliza ni ile hukumu. Akijiuliza "najua nini khasa?" anajua kitu kimoja tu, simu haijapokelewa. Wasiwasi hautoondoka wote na wala si lazima uondoke, mzazi ni mzazi, ila ule uchungu wa kudharauliwa unakuwa hauna pa kusimama. Watu wanadhani huku ni kuuzima moyo, sio, Ellis mwenyewe hakuwakataza watu kuhuzunika.

Upande wa pili wana hoja nzito. Ilipozama meli ya Spice Islander Septemba 2011 nani angethubutu kumwambia aliyefiwa abadilishe fikra? Msiba unaliliwa. Na mwanamke kaachwa na watoto watatu, matunzo hayaji, shida yake ni pesa, ukimwambia arekebishe kichwa chake unamuongezea lawama juu ya dhiki. Hapo nakubali kabisa.

Lakini tazama Harare, Zimbabwe. Mabibi wa mitaani wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, hawamwambii "ni mawazo yako tu", wanamsikiliza kisha wanamsaidia achague shida moja aitafutie njia, na hatua hiyo ya kwanza wanaiita kufungua fikra. Utafiti wake ulitoka 2016, kliniki 24, baada ya miezi sita, katika waliokaa na mabibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kiasi cha 14 kwa mia, katika waliopata huduma ya kawaida karibu 50. Kumi na nne dhidi ya hamsini! Namba hii hainitoki kichwani, maana hao mabibi si madaktari, na waliokaa nao wengi ni wanawake, na si wachache wana virusi vya Ukimwi, yaani watu wenye shida za kweli kama huyo wa watoto watatu. Wapo ambao hawakupata nafuu, na maradhi makubwa ya akili ni ya hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, si ya benchi, hilo lieleweke.

Sie baraza tunazo na mabibi tunao, tena wanasikilizwa kuliko daktari. Wafundishwe kuuliza vile, mtu asiondoke pale na "subiri mwanangu" peke yake.